Asiyekuwapo na Lake Halipo: Nafasi ya Umma katika Diplomasia, kutoka Dhahabu ya Kakamega hadi Leo

Utangulizi

Kwa karne nyingi diplomasia ilihesabiwa kuwa shughuli ya watawala na wajumbe wao. Mtawala alimteua mtu aliyemwamini, akampa salamu na zawadi, akampa maneno ya kusema na mengine ya kunyamazia. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mjumbe hauawi, kwa sababu ulimi aliousemea haukuwa wake. Mwaka 1840 merikebu iliyoitwa Sultana ilitia nanga New York ikiwa imemchukua Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar na Oman. Pembe na karafuu zilizosheheni merikebu hiyo zilitokana na jasho la wapagazi na watumwa, lakini hao hawakuulizwa neno juu ya safari hiyo, wala hapakuwa na mtu aliyetarajia waulizwe.

Hali hiyo imebadilika sana. Leo mabalozi na mawaziri wa mambo ya nje hawapo peke yao katika uwanja wa diplomasia. Wamo pia makampuni, mashirika yasiyo ya kiserikali, madhehebu ya dini, vyama vya wafanyakazi na wakulima, mawakili, wanataaluma, vyombo vya habari na raia wa kawaida mwenye simu ya mkononi. Juu ya hao wote iko rai ya umma, ambayo haina ofisi wala bendera, lakini hakuna serikali inayoweza kuipuuza kwa muda mrefu.

Makala haya yananuia kueleza jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea na maana yake kwa watu wa Kenya na Afrika Mashariki. Hoja inayojengwa ni kwamba kuwapo kwa wadau wasio wa kiserikali katika diplomasia si jambo jipya. Lililo jipya ni kwamba watu waliokuwa wakisemewa na wengine wameanza kujisemea wenyewe. Ili kuidhihirisha hoja hii, makala yanaanzia Kakamega, mahali ambapo swali la nani aseme na kwa niaba ya nani liliwahi kuulizwa kwa uchungu mkubwa.

Mfalme, Msafara na Kampuni

Katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kakamega, diplomasia ya watawala ilikuwapo kabla ya ukoloni. Nabongo Mumia wa Wanga aliipokea misafara ya Waswahili na Waarabu katika makao yake, mahali panapoitwa leo Mumias. Msafiri Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883, na baada yake wakaja mawakala wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa ufupi kama IBEA. Mumia aliyapima mahusiano hayo kwa mizani ya masilahi ya ufalme wake. Alitoa chakula na kituo cha kupumzikia, naye akapata washirika dhidi ya mahasimu wake.

Inafaa kuikumbuka kampuni hiyo kila inapodaiwa kwamba wadau wasio wa kiserikali ni wageni katika diplomasia. IBEA ilipata hati ya kifalme mwaka 1888. Ilikuwa kampuni ya biashara, lakini ilitia saini mikataba na watawala wa bara, ikaajiri askari na kupeperusha bendera yake kana kwamba ni dola, hadi serikali ya Uingereza ilipoitwaa himaya yake mwaka 1895. Funzo ni kwamba mdau asiye wa kiserikali si lazima awe mtetezi wa umma. Anaweza kuwa mlinzi wa haki za wanyonge, na anaweza vilevile kuwa mlango ambao wanyonge hao hupokonywa mali zao. Kwa hiyo, haitoshi kuuliza kama mdau fulani ni wa serikali au si wa serikali. Ni sharti kuuliza pia amepata wapi idhini ya kusema, na anamsemea nani.

Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya "Milele"

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo iliahidi kwamba ardhi zilizotengewa Waafrika zingekuwa zao kwa matumizi na manufaa yao milele. Endapo serikali ingehitaji kipande chochote kwa shughuli za umma, Baraza la Wenyeji la mahali hapo lilipaswa kushauriwa, na ardhi nyingine yenye ukubwa uleule ilipaswa kutolewa badala yake. Sheria hiyo ilisifiwa kuwa ngao ya haki za wenyeji.

Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu iligunduliwa Kakamega, katika wilaya iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini. Mamia ya Wazungu, wengi wao walowezi waliofilisishwa na mdororo wa uchumi wa dunia, walimiminika katika ardhi ya Waisukha, Waidakho na majirani zao. Walichimba mashimo mashambani na kando ya mito, wakapigilia mambo za kuonyesha mipaka ya madai yao. Ilipobainika kwamba masharti ya sheria ya 1930 yangewachelewesha wachimbaji, serikali iliirekebisha sheria hiyo Desemba 1932. Kuanzia hapo, ardhi ya dhahabu ingeweza kuondolewa katika hifadhi ya wenyeji bila Baraza lao kushauriwa kwanza, na fidia ingeweza kuwa fedha badala ya ardhi. Neno "milele" lilikuwa limedumu kwa miaka miwili tu. Jambo hilo lilizidi kuchukiza kwa sababu Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya uenyekiti wa Morris Carter, ilikuwa bado inakusanya ushahidi kuhusu mahitaji ya ardhi ya Waafrika.

Wenyeji wa Kakamega hawakuwa na balozi. Hawakuwa na kiti katika Baraza la Kutunga Sheria jijini Nairobi, ambako Waafrika waliwakilishwa na Mzungu aliyeteuliwa na gavana. Kwa mujibu wa kanuni za diplomasia ya enzi hizo, basi, habari yao ilipaswa kukomea kwa Mkuu wa Wilaya. Lakini haikukomea hapo. Wamisionari, wasomi na vyama vya kutetea haki nchini Uingereza waliiandika habari hiyo magazetini. Arkidikoni Walter Owen wa kanisa la Kianglikana, aliyehudumu Kavirondo kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa waandishi wasiochoka wa barua kwa magazeti ya Uingereza kuhusu dhuluma za Kenya. Februari 1933 suala hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza. Miongoni mwa waliolipinga badiliko la sheria walikuwamo Askofu Mkuu wa Canterbury na Lord Lugard, ambaye ujanani mwake alikuwa mtumishi wa ileile kampuni ya IBEA. Waziri wa Makoloni, Philip Cunliffe-Lister, alilazimika kuitetea serikali mbele ya Bunge na mbele ya wasomaji wa magazeti.

Yote tunayoyahusisha na diplomasia ya kisasa yalikuwapo katika kisa hiki: asasi za kidini na za kiraia, vyombo vya habari, watu mashuhuri wa kimaadili, na rai ya umma iliyovuka bahari. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa haba. Serikali ilihojiwa na kuaibishwa, lakini uchimbaji uliendelea. Mgodi wa Rosterman, ambao jina lake lingali linatumika mjini Kakamega, ulifungwa miaka mingi baadaye, mwaka 1952.

Kwa nini kelele kubwa kiasi hicho zilizaa matunda machache? Sababu mojawapo ni kwamba umma uliosikika ulikuwa umma wa Uingereza. Mjadala wa London ulihusu heshima ya Waingereza: je, taifa lao limevunja ahadi yake? Mwidakho aliyeona shamba lake limegeuzwa shimo hakuwamo katika mjadala huo isipokuwa kama mada. Waliomtetea walikuwa na nia njema, lakini walimtetea kwa lugha yao, kwa vipimo vyao na kwa muda waliopenda. Magazeti yalipohamia habari nyingine, hapakuwa na mtu wa kuyarudisha. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wenyeji waliling'amua hilo mapema. Chama cha North Kavirondo Central Association, kilichojitokeza katika miaka hiyo ya 1930, kilikuwa jaribio la kuwa na sauti isiyopitia kwa mkuu wa wilaya wala kwa mmisionari. Naye Jomo Kenyatta, aliyekuwa ng'ambo kwa niaba ya chama cha Wakikuyu, aliandika mwaka 1933 juu ya mbio za dhahabu za Kenya katika jarida la Labour Monthly la London. Huo ulikuwa mwanzo mdogo wa jambo kubwa, kwani Mwafrika alikuwa ameanza kuuhutubia umma wa kigeni kwa kalamu yake mwenyewe.

Waliosemewa Wanapojisemea

Tofauti kati ya kusemewa na kujisemea inaonekana wazi tunapokilinganisha kisa cha Kakamega na kesi ya wazee wa Mau Mau. Mwaka 2009 Wakenya watano, wote wazee, waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyotendewa kizuizini katika miaka ya 1950. Hawakutumwa na serikali ya Kenya. Nyuma yao walikuwa chama cha maveterani wa Mau Mau, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo licha ya jina lake ni asasi ya kiraia, na kampuni ya mawakili ya London. Wanahistoria nao walitoa ushahidi wa kitaalamu.

Serikali ya Uingereza ilijitetea kwa hoja ya kidiplomasia. Ilidai kuwa dhima zote za serikali ya kikoloni zilirithiwa na Kenya huru mwaka 1963. Kwa maneno mengine, mambo ya dola yalikwisha kumalizwa baina ya dola na dola, na mwananchi hakuwa na la kuuliza. Mahakama iliikataa hoja hiyo mwaka 2011. Wakati kesi ikiendelea, ilifichuka kwamba maelfu ya majalada ya kikoloni yalikuwa yamehifadhiwa kwa siri Hanslope Park, nchini Uingereza. Mwaka 2012 mahakama iliamua kwamba kesi ingeweza kusikilizwa licha ya miaka mingi kupita. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alitangaza bungeni kwamba Uingereza inasikitikia mateso hayo. Ingelipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228 pamoja na gharama zao za kesi, na kugharamia mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 2015.

Haifai kuutia chumvi ushindi huo. Uingereza haikukubali kisheria kuwa inawajibika, na kesi nyingine iliyowahusu Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018. Hata hivyo, jambo la msingi linabaki palepale. Kwa miaka hamsini serikali mbili rafiki zilikuwa zimekubaliana, kwa kauli au kwa kimya, kutoligusa jeraha hilo. Walioligusa ni wanakijiji wazee waliosimama mahakamani na kueleza yaliyowapata. Mwaka 1933 Bunge la Uingereza liliwazungumzia Waafrika. Mwaka 2013 waziri wa Uingereza aliwajibu.

Mahakama na Mikataba

Mlango mwingine uliofunguliwa ni ule wa taasisi za kikanda. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Katika kuieleza sababu, utangulizi wa Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja miongoni mwa mengine ukosefu wa ushiriki wa kutosha wa sekta ya kibinafsi na asasi za kiraia. Kwa ajili hiyo Mkataba unasisitiza ushirikiano unaowajali watu, na Ibara ya 30 inamruhusu mkazi wa nchi mwanachama kuishtaki nchi hiyo, au nchi nyingine mwanachama, mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki.

Ruhusa hiyo haikubaki maandishi. Mwaka 2006 Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walipinga namna Kenya ilivyowateua wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki, na Mahakama ikazuia kwa muda wateule hao wasiapishwe. Viongozi wa nchi walikasirika. Kabla ya mwezi mmoja kwisha waliurekebisha Mkataba, wakaanzisha kitengo cha rufaa na kuweka ukomo wa miezi miwili kwa mwananchi anayetaka kufungua shauri. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilikwenda mahakamani kuyapinga marekebisho hayo. Mwaka 2008 Mahakama ilitamka kwamba kuurekebisha Mkataba bila kuushirikisha umma kulikiuka misingi ya Mkataba wenyewe, ingawa haikuyabatilisha marekebisho hayo. Kisa hiki kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mwananchi anaweza kuingia baraza la mataifa, na dola huweza kuupunguza upana wa mlango mara tu anapoingia.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2010. Shirika la kutetea wanyama lenye makao yake Nairobi liliishtaki Tanzania katika Mahakama hiyo kuhusu mpango wa kujenga barabara kuu katikati ya Hifadhi ya Serengeti. Serikali ya Kenya isingethubutu kumshtaki jirani yake kwa jambo hilo bila kuhatarisha ujirani. Shirika la kiraia lilithubutu, na mwaka 2014 Mahakama iliamua kwamba mpango huo, kwa namna ulivyokuwa umependekezwa, ulikiuka Mkataba.

Rai ya Umma: Nguvu na Hatari Zake

Rai ya umma ni kama moto wa jikoni: huivisha chakula, na huunguza nyumba. Julai 2015, siku chache kabla ya Rais Barack Obama kuzuru Kenya, kituo cha televisheni cha CNN kiliieleza nchi kuwa kitovu cha ugaidi. Wakenya walijibu mitandaoni kwa ghadhabu na kejeli, na mwezi uliofuata kiongozi mwandamizi wa kituo hicho alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Oktoba 2022, mwana wa Rais Museveni, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, aliandika mtandaoni kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi kwa muda usiozidi wiki mbili. Wakenya walimjibu kwa vichekesho zaidi kuliko hasira, na Rais Museveni akawaomba radhi Wakenya kwa maandishi. Katika visa vyote viwili wananchi hawakusubiri balozi aandike waraka.

Upande wa pili ulionekana mwaka 2009 katika mgogoro wa Migingo, kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Viktoria. Wakati serikali za Kenya na Uganda zikizungumza juu ya kupima mpaka, hasira za umma zilipanda kiasi kwamba vijana wa Kibera waling'oa reli inayoelekea Uganda. Mvuvi wa Migingo hakupata nafuu yoyote kwa kung'olewa reli hiyo. Rai ya umma isiyo na maarifa huwafunga mikono wale wanaotafuta suluhu, na wakati mwingine huchochewa makusudi na wanasiasa wanaotaka kura. Kwa hiyo, kuongezeka kwa sauti si sawa na kuongezeka kwa hekima. Umma unaoshiriki diplomasia unahitaji kupashwa habari za kweli kwa lugha unayoielewa.

Suala la Lugha

Hapa ndipo wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Sheria ya ardhi ya 1930 na marekebisho yake ya 1932 ziliandikwa kwa Kiingereza, na mjadala juu yake ulifanywa kwa Kiingereza. Miaka mingi baadaye, Mkataba wa Jumuiya wa 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na ya Mahakama yake, huku Kiswahili kikiahidiwa kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano. Pana kinaya katika kumpa mwananchi haki ya kuyashtaki mataifa kwa lugha ambayo wananchi wengi wa kanda hawaimudu.

Hatua zimepigwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikiridhia Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Lakini hadhi haifasiri mkataba. Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu mikataba ya kimataifa inataka umma ushirikishwe kabla ya mkataba kuridhiwa. Ni vipi mkulima wa Shinyalu atatoa maoni juu ya waraka ambao haupo kwa Kiswahili wala kwa Kiluhya?

Swali hilo si la nadharia tupu. Katika miaka hii ya 2020 utafutaji wa dhahabu unaofanywa na kampuni yenye mtaji wa kigeni umerejea Ikolomani, na pamoja nao hofu za wakazi kuhusu kuhamishwa na kulipwa fidia. Sheria za leo, tofauti na zile za 1932, zinadai wenyeji washauriwe. Hata hivyo, mashauriano yanayofanywa juu ya ripoti nene ya tathmini ya mazingira iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu yanaweza kuwa mashauriano ya jina tu. Mtu hawezi kukubali wala kukataa jambo asilolielewa. Tofauti kati ya kukodisha na kuuza, kati ya fidia na msaada, kati ya leseni ya kutafuta na leseni ya kuchimba, ni tofauti za istilahi kabla ya kuwa tofauti za maisha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba diplomasia haijawahi kuwa ya watawala peke yao. Kampuni, wamisionari na magazeti vilikuwamo tangu zamani, wakati mwingine kwa manufaa ya watu na wakati mwingine kwa hasara yao. Badiliko kubwa la enzi hizi ni kwamba mwananchi amepata njia za kuingia barazani mwenyewe: mahakama za kikanda, sheria za ushirikishwaji, asasi zinazovuka mipaka na mitandao ya mawasiliano. Njia hizo ni nyembamba, na dola hazijaacha kuzipunguza.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ni miongoni mwa wadau hao. Makongamano yao huwakutanisha vijana wa nchi mbalimbali bila waraka wa balozi. Kazi iliyo mbele yao ni kufasiri mikataba, kusanifu istilahi za ardhi, madini na mazingira, na kuziweka mikononi mwa watu zinaowahusu. Mwaka 1932 mwenyeji wa Kakamega hakuwapo neno "milele" lilipofutwa. Kizazi cha sasa kinaweza kuwapo, na kikiwapo, kisome kwanza kilichoandikwa.